Mlango Uliopigwa Randa

Mdogo wangu ni seremala, na watu wa mtaani wameshalisahau jina lake. Wanamwita Tisini. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, maana tangu ujana hajawahi kutazama kitu bila kusema kama kimekaa nyuzi tisini au hakikukaa. Kiti, dirisha, kitanda cha hospitali, hata bwana harusi aliyesimama vibaya kwenye picha. Mimi nikirudi kutoka mizunguko yangu, ananitazama mabega kwanza. "Kaka, umelalia upande." Kisha ndiyo shikamoo.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimeuza viatu vya mtumba, nimepaka rangi mapaa ya watu, nimelinda godauni, na sasa uzeeni sina kazi ila kutembelea ndugu. Huwa nakaa kwa Tisini mpaka mkewe, shemeji yangu, aanze kuniuliza naondoka lini, naye huuliza kwa adabu, akiwa ananimiminia chai. Nasema haya ili ijulikane kwamba vita vilipofika kwao sikuwepo. Ninayoyajua nimesimuliwa.

Walipoambiwa wahame, Tisini alimchukua mkewe na watoto wadogo akawavusha mto. Kijana wao mkubwa, kifungua mimba, alibaki kulinda nyumba na vifaa vya kazi, kwa sababu seremala aliyeibiwa vifaa ameibiwa mikono. Bomu likaanguka uani kwa jirani, kipande kikampata kijana ubavuni. Majirani hawakuwa na machela. Wakaung'oa mlango wa mbele kwenye bawaba zake, wakamlaza juu yake, wakambeba mpaka kwenye mahema ya madaktari wa jeshi, kule uwandani majeshi yalikokuwa yanapigana. Akafia huko, akazikwa huko pamoja na wengine kwenye kaburi moja refu. Mlango haukurudi.

Shemeji hakulia. Jambo hili lilisemwa sana mtaani, wengine wakasema ana moyo wa jiwe, wengine wakasema yatamtoka siku moja yote kwa mkupuo. Hayakumtoka. Alichofanya ni kuuliza swali moja. Kijana alikuwa na mwili, mabega kama kabati, na mlango ule ulikuwa mlango wa kawaida tu. Basi akamwendea kila jirani aliyeshika pembe yake akamuuliza: alilalaje? Alitosha? Hakuwa akining'inia, akigongwagongwa njiani? Mmoja alisema alitosha. Mwingine alisema walikuwa wanakimbia, nani angeangalia hayo. Wa tatu aliangua kilio, na shemeji akakaa naye mpaka akamaliza, akamchotea maji ya kunawa uso. Majirani hao sasa hawapo, waliokufa wamekufa, waliohama wamehama. Swali limebaki kwake. Anaweza kuwa anachambua mchele, mara ananyoosha mikono miwili mbele yake, anaipima hewa, halafu anaendelea kuchambua. Tumeshazoea. Hakuna anayemuuliza anapima nini.

Miaka ikapita, uwanda ule ukajengewa makumbusho. Si jumba kubwa, ni vyumba vichache vya matofali na ukumbi mmoja, pembeni ya mahandaki waliyoyazungushia kamba. Walipokuwa wanaandaa, gari lao lilimletea Tisini kwenye karakana yake, kule karibu na soko, mizigo ya vitu vya kutengeneza: meza ya ofisa, masanduku ya risasi, na mlango mmoja uliochimbuliwa handakini, ambako ulikuwa umeezekwa kama paa. Msimamizi alimwambia aviimarishe visije vikawavunjikia mikononi. Hakusema zaidi. Na Tisini, ukimwambia imarisha, yeye anasikia tengeneza, na ukimwambia tengeneza, yeye anasikia kifanye kipya. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Mbao chafu kwake ni mbao inayosubiri randa.

Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe karakanani, mchana, huku anachonga mguu wa stuli. Anasema mlango ulikuwa mweusi wa tope na moshi, rangi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, usingejua ni mlango wa nani. Akaulaza juu ya benchi akaanza kuupiga randa. Alipofika katikati ya ubavu, kikatokea kiraka cha mbao nyeupe, cha mviringo.

Kiraka hicho kila mtu wa nyumba yao anakijua. Alipotengeneza mlango wa nyumba yake, bado akiwa fundi mchanga, alitoboa tundu la kitasa upande wa bawaba. Ilimbidi azibe tundu hilo kwa kipande cha mbao nyeupe, atoboe jingine upande wa pili, kisha akapaka rangi nzito juu ya aibu yake. Shemeji aliwaonyesha wageni mahali hapo kwa kidole, rangi au si rangi. Akiwaambia, "Huyu ndiye bingwa wa nyuzi tisini. Mlango wake ulitaka kufungukia kwenye bawaba." Wageni wakicheka na yeye Tisini akicheka.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukaacha?"

Akapuliza vumbi kwenye mguu wa stuli, akautazama kwa jicho moja. "Niliugeuza upande wa pili, kaka. Nikaendelea."

Akasema mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Akasema hakuhisi kitu chochote, si uchungu, si hofu, alichokiona ni kwamba mbao ilikuwa nzuri bado na nyuzi zake zimelala vizuri. Alimaliza upande wa pili, akaupiga msasa, akaupaka vanishi. Ilipokauka ndipo akakumbuka kwamba kama palikuwa na doa lolote la kuonyesha mwanawe alilala wapi na alilala vipi, basi yeye ndiye aliyeliondoa. Aliniambia haya kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya misumari. Kisha akaniambia mkewe amesikia kwenye redio kwamba makumbusho yana mlango uliotumika kubebea majeruhi, na anataka kwenda kuuona. Hajui ni upi. Hajui nani aliutengeneza.

"Mwambie," nikasema.

"Twende wote, kaka," akasema yeye.

Tukaenda. Shemeji alivaa gauni lake la kutokea, akabeba mkoba wenye chupa ya maji na kitambaa. Njia nzima alizungumza habari za bomba la jirani linalovuja, kwamba fundi bomba ameshakuja mara chungu nzima na kila akija linavuja zaidi, mpaka sasa jirani anasema afadhali amwoe kabisa akae hapo hapo. Nikacheka. Tisini alikuwa anatazama nje.

Makumbusho yalikuwa na ubaridi wa sakafu ya saruji iliyopigwa deki. Aliyetupokea ni binti mwongozaji, mpole, mwenye beji kifuani. Akatupitisha kwenye helmeti zilizotoboka, kwenye ramani yenye mishale ya rangi mbili, kwenye sanamu za askari zilizovalishwa magwanda makubwa kuliko miili yao. Mbele ya sanamu moja shemeji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu naye amevaa nguo za kaka yake. Nilidhani nitasikia kitu moyoni mahali kama pale. Sikusikia. Nilikuwa nafikiria goti langu.

Mlango ulikuwa chumba cha mwisho, umetundikwa ukutani kwa kulabu nne, umesimama, unang'aa. Binti akaeleza kwamba milango ya wananchi ilitumika kama machela, na kwamba huu umetengenezwa upya na fundi hodari wa hapa hapa. Hakujua kwamba fundi mwenyewe amesimama nyuma yake, kwani siku fundi alipokuja kuutundika, binti hakuwepo.

Shemeji hakusogea upesi. Kwanza alivuta hewa puani. Amefua nguo zenye harufu ya vanishi ile maisha yake yote. Kisha akakiona kiraka cheupe. Akakiwekea kidole, pale pale alipokuwa akiwaonyesha wageni, akakaa hivyo kwa muda, kidole kimesimama.

"Fundi," akasema bila kugeuka. Humwita hivyo mumewe wanapokuwa hawajaelewana. "Umeupiga randa."

"Nimeupiga."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote."

"Ulikuwa umeshakiona hiki?"

Tisini alikohoa. "Nilipopiga upande wa pili nilikuwa nimeshakiona."

Binti mwongozaji alitutazama mmoja mmoja, akawa hajui aendelee na maelezo au anyamaze.

Shemeji akapitisha kiganja juu ya mbao, kuanzia juu mpaka pale mkono ulipofika. Laini, kama meza. Halafu akauliza maranda yake yalikwenda wapi. Na hapo nilimwona mdogo wangu akitafuta mahali pa kuweka macho, kwa sababu maranda ya karakana yana mahali pamoja tu yanapokwenda. Huyatia kwenye gunia akayapeleka nyumbani, na shemeji huwashia moto.

"Nilikuletea jikoni," akasema.

"Basi tumepikia," akasema shemeji.

Hakupandisha sauti. Ningependa kuandika kwamba alipiga magoti, au alimpiga mumewe kwa mkoba, ningejua la kufanya. Alifungua chupa akanywa maji, akaifunga. Akamgeukia binti akamwambia kwamba wao wameutundika mlango umesimama, na mwanawe hakubebwa amesimama. Anaomba ulazwe chini. Binti akasema, mama samahani, vitu vya maonyesho haviruhusiwi kuguswa, lakini ngoja nikamwulize msimamizi. Akatoka. Msimamizi alikuwa ameenda mjini, tulimsikia mlinzi akimjibu hivyo.

Tisini hakungoja. Kulabu alizifunga yeye, kuzifungua ilikuwa kazi ndogo. Akanipa ishara, nikashika chini, yeye akashika juu, tukaulaza sakafuni taratibu. Binti aliporudi akatukuta hivyo. Akatutazama, akautazama mlango, kisha akakifunga chumba kwa ndani akasimama hapo akiwa ameshika komeo.

Shemeji akavua viatu. Akakaa katikati ya mlango, akanyoosha miguu, akajilaza chali, mkoba tumboni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, pande zote palibaki nafasi. Akatazama dari. Kisha akasema, "Fundi, njoo ulale wewe. Mabega alirithi kwako."

Tisini akasita. Akamtazama binti, akanitazama mimi. Shemeji alikuwa ameshainuka, amepiga goti pembeni, anasubiri kama anayesubiri mtu avae nguo aliyomshonea. Mdogo wangu akavua kofia akalala. Mbao ililia kidogo ikatulia. Shemeji akapitisha mkono bega la kushoto, mpaka ukingoni. Akazunguka, akapitisha bega la kulia. Zilibaki kingo nyembamba, pana kama vidole vyake, kulia na kushoto. Akamwambia akunje mikono kifuani, maana wangemkunja mikono. Akakunja. Akaenda miguuni. Visigino vya Tisini vilikuwa nje, na kijana alimzidi baba yake urefu.

"Miguu ilitokeza," akasema shemeji.

"Ilitokeza," akajibu mumewe kutoka chini, macho juu.

"Mabega yalitosha."

"Yalitosha."

Akabaki amechuchumaa pale, mkono juu ya kifundo cha mguu wa mumewe. Nilimtazama uso. Nilikuwa nangoja yale ambayo mtaa mzima uliyangoja, na nadhani Tisini naye alikuwa anayangoja, kwa jinsi alivyobana pumzi. Hayakuja. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Nje, sauti za wageni wengine zilikuwa zimefika kwenye chumba cha ramani.

"Haya, inuka," akasema. "Watu wanakuja."

Tukautundika tena. Shemeji akarudi nyuma hatua kadhaa akiangalia kama umekaa sawa, akasema upande wa kushoto umeshuka. Mdogo wangu akapandisha kulabu ya kushoto. Binti akafungua chumba.

Tulipokuwa tunangoja usafiri barabarani, tumekaa juu ya ukuta mfupi, nilimuuliza shemeji kama amepata alichokifuata. Alifikiri. Akasema hajapata kitu, ila sasa anajua upana. Tisini alikuwa upande wake wa pili, kofia mikononi, anaizungusha. Akafungua mdomo, nikajua anataka kusema lile la randa, kuomba radhi au vyovyote. Shemeji akamwekea mkono begani kabla hajasema. Haukuwa mkono wa kumbembeleza. Aliutandaza tu pale, kidole gumba ukingoni mwa bega na kidole kidogo karibu na shingo, akautazama umbali huo, akauacha hapo mpaka gari lilipofika.