Uma Kwanza, Ndipo Uandike: Miaka Yangu na Kamati ya Ukaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitie mdomoni punje ya mahindi ya mtu nisiyemjua. Ilikuwa asubuhi ya ile baridi ya Eldoret inayowafanya wageni wavae koti juu ya koti, nami nilikuwa mgeni hasa, msichana wa kutoka Bungoma mwenye cheti cha kidato cha nne na sweta moja. Kampuni ya kusaga unga ilikuwa imeniajiri kuwa karani wa mizani, yaani yule anayeandika uzito wa kila lori linaloingia na hali ya mahindi yaliyomo. Meneja Mkuu alitoka ofisini mwenyewe, mtu mrefu mwenye kofia ya kijivu, akachota punje mbili kwenye gunia na kunipa moja.

"Uma," akasema.

"Niume, Mzee?"

"Uma hiyo punje. Ikikatika ka, imekauka. Ikilalia meno, hiyo bado iko na maji. Halafu ndio uandike. Usiwahi andika kitu hujauma."

Tulikuwa na mashine ya kupima unyevu, msidhani tulikuwa washamba. Mahindi ya kuhifadhi hayafai kuzidi asilimia kumi na tatu na nusu ya maji, la sivyo huota kuvu, na kuvu ile ina sumu isiyoondoka hata ukipika ugali mpaka uungue. Mashine ilisoma namba, nasi tukaiandika kwenye kitabu cha unyevu. Lakini Meneja Mkuu alisema mashine hudanganya betri ikichoka, na meno yangu hayakuwa na betri. Akaniuliza jina. Nilipomwambia naitwa Nekesa, jina tunalompa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mavuno, alicheka akasema basi nimefika nyumbani.

Nilimpenda mzee yule, na nasema hivyo bila haya. Yeye ndiye aliyeniruhusu kutoka kazini mapema nikasomee uhasibu pale mjini, na kila mtihani niliofaulu nilimpelekea karatasi ya matokeo, naye akaisoma neno kwa neno kama baba. Nilipomaliza, alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye mlango wa Mkaguzi Mkuu wa Ndani na kumwambia, "Huyu anauma."

Vijana wengi hawajui mkaguzi wa ndani ni nani, wanamchanganya na mhasibu. Mhasibu anaandika kilichotokea. Mkaguzi wa ndani anauliza kama kweli kilitokea, na kama kilikuwa kibaya, ni mlango gani ulioachwa wazi. Mkaguzi Mkuu alikuwa mtu mfupi wa miwani iliyofungwa uzi sikioni, na hakuniruhusu hata siku moja nimwite mtu mwizi. "Sisi si polisi, Nekesa," alizoea kuniambia. "Polisi anakuja ukishaibiwa." Alinifundisha kuhesabu magunia ghalani kuanzia nyuma, kwa sababu kila mtu hupanga ya mbele vizuri. Alipostaafu kwenda kulima Kitale, kiti chake nikakirithi mimi, na hapo ndipo nilipokutana uso kwa uso na kamati.

Kampuni ilikuwa ya wenye hisa wengi, karibu wote wakulima. Waliichagua bodi, na bodi ikatoa watu watatu wawe kamati ya ukaguzi. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba hakuna kati yao anayefanya kazi pale kila siku, maana mtu hawezi kupika kisha akakisifu chakula chake mwenyewe. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa makamo ya juu aliyefuga ng'ombe huko Plateau. Wote tulimwita Mama Mwenyekiti. Alikuja mkutanoni na thamosi yake ya chai na vikombe vitatu vilivyofungwa kwa kitambaa. Jikoni kwetu walichukia sana mwanzoni. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba chai ya mtu unayemkagua huwa na sukari nyingi.

Msidhani kamati ilikuwa ya kunywa chai tu. Hesabu za mwaka hazikufika kwa bodi kabla ya watatu wale kuzisoma, na Mama Mwenyekiti alizisoma na kalamu nyekundu mkononi. Akimkwamisha Mhasibu Mkuu, alimwambia, "Hapa hebu nielezee kama vile unaelezea mama mkulima wa Moiben," na Mhasibu Mkuu alitokwa na jasho kwenye baridi ya Julai. Kamati ndiyo iliyopendekeza wakaguzi wa nje, wale wataalamu waliokuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwaka na masweta mapya, na ndiyo iliyohakikisha hawana urafiki wa kupita kiasi na mameneja wetu. Palikuwa na kisanduku cha barua karibu na lango, mfanyakazi aliyeona jambo aliandika bila jina, na ufunguo ulikaa Plateau kwenye mkoba wa Mama. Nami nilikuwa na wakubwa wawili. Ruhusa na likizo nilipewa na Meneja Mkuu, lakini niliyoyaona niliyapeleka kwa kamati, wala hakuna ambaye angenifukuza bila kamati kukubali.

Halafu kulikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo naiona ndiyo roho ya kazi yote. Mwisho wa kila mkutano, Mama Mwenyekiti alifunga faili na kusema, "Wazee wangu, mtupatie nafasi." Mameneja wote walitoka, Meneja Mkuu akitangulia. Walisimama uani wakizungumza habari za mvua. Ndani tulibaki mimi na wale watatu. Mama alinimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi, kwa kuwa kikombe cha nne hakikuwepo, kisha akaniuliza swali lile lile, miaka nenda miaka rudi:

"Kuna kitu umeona na haiko kwa hii ripoti?"

Mara nyingi nilijibu hakuna, na ilikuwa kweli. Siku moja nilijibu hakuna, na ulikuwa uongo.

Mwaka ule mvua ilinyesha wakati wa mavuno. Wakulima walileta mahindi mabichi hayajapata jua, foleni ya matrekta ikafika barabarani, turubai zikivuja, watu wamejikunyata juu ya magunia yao. Draya, ile mashine kubwa ya kukaushia, ilikuwa inazidiwa. Nilipokagua kitabu cha unyevu nikaona jambo la ajabu. Lori baada ya lori, kurasa nzima, namba ilikuwa kumi na tatu. Mashamba hayafanani hivyo. Nilikwenda ghala namba nne na kile chuma chembamba chenye mfereji cha kuchotea punje, nikakidunga kwenye magunia kuanzia nyuma kama nilivyofundishwa. Punje zilikuwa na joto. Niliuma moja, ikalala kwenye meno. Nyingine ilikuwa na unga wa kijani.

Nilirudi ofisini nikaandika yote, ikawa aya ya tano ya ripoti. Kisha nikafanya kosa ambalo sisi watu wa huku tunalifanya tukiliita adabu. Kwetu humwaibishi mzee mbele za watu. Unamwendea kwanza, peke yenu, unamwambia pole pole. Basi nilichukua ripoti ambayo kamati haijaiona nikampelekea Meneja Mkuu. Kusikiliza maelezo yake lilikuwa jambo sahihi, na ni wajibu wa mkaguzi. Lililofuata ndilo lililoniharibia.

Aliisoma akavua kofia. "Mimi ndio niliwaambia waandike kumi na tatu," akasema. "Ungeona wale wazee wamenyeshewa, Nekesa. Ningewarudisha wapi? Nilisema tuingize, tutakausha."

"Lakini haikukaushwa, Mzee."

"Draya iliharibika. Nipatie wiki mbili. Toa hiyo aya ya tano, nitarekebisha mimi mwenyewe. Nimewahi kukuangusha?"

Hakuwahi. Nikaitoa.

Mkutano ulikuwa Alhamisi, na mapema asubuhi ile nilikuwa nimeona ratiba ya kinu ikining'inia mlangoni: mahindi ya ghala namba nne yangeanza kusagwa Jumatatu. Meneja wa uzalishaji hakujua lolote. Kitabu kilimwambia kumi na tatu. Wiki mbili za Mzee hazikuwepo. Nilikaa kwenye mkutano wote ule nikiwaza sufuria za mitaa ya Kapsoya na Pioneer, na yangu mwenyewe ikiwemo, maana unga wetu ndio niliowapikia wanangu. Nilijiambia nitamkumbusha Mzee baadaye. Mkutano ukaisha, mameneja wakatoka, naye alipopita karibu yangu akanigusa bega. Mama Mwenyekiti akamimina chai, akauliza swali lake.

"Hakuna, Mama," nikasema.

Hakunikaripia. Alifungua ripoti, akalamba kidole, akageuza ukurasa. "Mimi nimesahihisha vitabu ya watoto miaka mingi," akasema. "Hapa naona nne, halafu naona sita. Hii tano imeenda wapi?"

Kwa haraka yangu ya kuitii adabu nilisahau kubadilisha namba. Nilitazama dirishani. Meneja Mkuu alikuwa amesimama uani, kofia mkononi, akiwachekesha wenzake. Machozi yalinitoka na sikuyazuia.

"Nikisema, Mama, huyo mzee ataenda."

"Labda," akasema. "Na usiposema?"

Mficha uchi hazai. Nikasema yote: kitabu, joto la magunia, kuvu, Jumatatu, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeiondoa aya. Mama Mwenyekiti hakuniambia pole wala hongera. Alimwita Meneja Mkuu, akamuuliza mbele yangu kama ni kweli. Mzee alinitazama kwanza. Niliogopa jicho lile kuliko kufukuzwa.

"Ni kweli," akasema. "Na huyu msichana msimguse. Mimi ndio nilimwambia atoe."

Ghala lilifungwa kwa kufuli mchana ule ule. Mahindi yalipimwa kwenye maabara, na yaliyokuwa na sumu yakateketezwa, mengi mpaka ukayaonea huruma. Hakuna gunia lililofika kinuni. Kamati haina rungu, jueni hilo. Kazi yake ni kuona na kuipelekea bodi habari kamili. Bodi ilimpa Mzee barua ya onyo, naye akaomba kustaafu kabla ya wakati wake. Mimi nilipewa barua yangu pia, fupi, yenye wino mwekundu wa Mama Mwenyekiti pembeni: *Tano hukaa kati ya nne na sita.* Ninayo mpaka leo kabatini. Kuanzia hapo kamati iliweka kanuni kwamba meneja ataisoma ripoti na kuandika majibu yake chini, lakini aya haifutwi na mtu yeyote isipokuwa kamati yenyewe.

Mzee aliondoka bila kuniaga. Nilimwona kanisani mara kadhaa, akanisalimu kwa kichwa tu. Iliniuma kwa miaka, naona sina sababu ya kuwaficha. Watu huwaambia vijana kwamba ukisema kweli utalala usingizi mzuri. Mimi sikulala vizuri. Nililala nikijua kwamba majirani zangu wameamka wazima, na hicho ni kitu kingine. Nyinyi mnaoingia kazi hii na kompyuta zenu, msiamini namba zinazofanana sana, hesabuni kuanzia nyuma, na mkimheshimu mtu, mheshimuni kwa kumsikiliza, msimheshimu kwa kumfichia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule huwaangukia watu ambao hata hamjuani.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, wenzangu walipanga viti uani, pale pale mameneja waliposimama wakitungoja. Mama Mwenyekiti alikuwa amekwisha kung'atuka, miguu inamsumbua, lakini alituma thamosi yake kama zawadi, pamoja na vikombe vinne. Nilivihesabu mara mbili, nikacheka peke yangu. Hotuba zikaendelea. Halafu lango likafunguka, akaingia mzee mrefu mwenye kofia ya kijivu, nyuma yake mtu wa bodaboda amebeba gunia begani.

"Hii ni ya shamba yangu," akasema mbele ya watu wote. "Nimeletea Nekesa wa mavuno."

Alifungua gunia, akachota punje moja, akanipa kiganjani. Nilijua la kufanya. Niliuma.

Ililala kwenye meno.

Watu zaidi ya mia walikuwa wananitazama nimshukuru. Adabu yangu yote ilinitaka niseme imekauka. Nilimtazama usoni, uso ule ulioniajiri nikiwa na sweta moja.

"Asante, Mzee," nikasema. "Lakini hii bado. Iko na maji."

Kisha mzee yule alianza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti, machozi yakimtiririka, akanikumbatia kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo. "Nilikuwa naogopa utasema imekauka," akaninong'oneza.

Mahindi yale niliyaanika nyumbani Kapsoya juu ya turubai, nikiyageuza kila saa na kufukuza kuku wa jirani. Siku ya tano niliuma punje, ikakatika ka. Nikampigia simu.

"Mzee, sasa yamekauka."

"Umeuma?"

"Nimeuma."

"Basi andika," akasema.