Jedwali la Vitamini C

Asubuhi ile pale Ngungu, kijiji cha Masisi, Mukagasana, mpokeaji wa maziwa, alikikataa kidumu cha mzee Ladislas mbele ya watu wote. Mzee alikuwa amemwaga kidogo alipokuwa akikipandisha mezani, maana mikono yake haikuacha kutetemeka.

"Papa Ladislas, ulikunywa tena. Rudia ku nyumba."

Christa, binti wa mzee, alisimama nyuma ya baba yake. "Mama, Papa hakunywaka pombe. Iko na bugonjwa ya mu kichwa. Munganga alituambia."

"Bugonjwa gani ya kutetemesha muntu kila asubui?"

Watu wakacheka. Ladislas akabeba kidumu chake akaondoka, na Christa akawaka hasira.

Hasira hiyo alikuwa nayo mwaka wa nne sasa. Ndiyo iliyomchagulia masomo. Mganga alikuwa amemweleza kwamba ndani ya ubongo wa baba yake chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa. Dopamini ni kemikali inayobeba ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine. Ikipungua, mwili hautii tena, na mikono hutetemeka. Kuipima ni kazi ngumu. Basi Christa, mwanafunzi wa kemia katika chuo kimoja mjini, akawa anachunguza kwa hesabu za kompyuta jinsi molekuli ya dopamini inavyonata juu ya mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu. Ikinata, umeme unaopita kwenye mrija hubadilika, na badiliko hilo huweza kusomwa. Pengine siku moja kingepatikana kipimo cha kuugundua ugonjwa huo. Barabara zilipokaribia kufungwa kwa vita, alirudi kwa wazazi na kompyuta yake, akaendelea kwa umeme wa jua, kila hesabu ikichukua siku kadhaa.

Hesabu za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Zilichukulia kwamba molekuli iko peke yake, mahali pasipo na kitu. Profesa Honoré, msimamizi wake, alifurahi akaanza kuandika makala. Lakini ubongo si mahali pakavu, Christa akajiambia. Akaongeza maji. Kisha akaongeza vitamini C, ambayo imejaa humo humo ubongoni. Baada ya wiki tatu akapata jedwali jipya: ndani ya maji, dopamini ilinata kwa unyonge, na vitamini C ilinata karibu sawa nayo. Mrija ule haukujua kutofautisha hii na ile.

Alipanda kilimani kwenye malisho, mahali simu inaposhika mtandao, akampigia profesa.

"Profesa, ile tyubu inashika vitamini C sawasawa na dopamini. Hatuwezi kuandika kama inatambua dopamini."

"Toa hiyo tablo."

"Kuitoa?"

"Uko unasikia muzuri. Artikili nilishaituma. Jina yako iko ya pili, unataka nini tena? Hakuna muntu wa Masisi ataisoma."

"Papa yangu iko muntu wa Masisi," Christa alisema. "Kama kipimo inadanganya, njo bagonjwa kama yeye batadanganywa."

"Uko na kichwa nguvu, dada. Bila mimi hauna memwari ya kumaliza masomo." Akakata.

Christa alishuka mlima hadi nyumbani, akafungua kompyuta. Siku hiyo hiyo aliwaandikia wahariri wa jarida, akaambatanisha jedwali lake, akataka jina lake liondolewe. Akapanda tena kilimani penye mtandao kuituma barua, na nakala akawatumia walimu wote wa jopo la kutahini kazi yake. Hakutafuta maneno laini. Aliandika: "Msimamizi wangu alijua, akaniamuru nifiche."

Makala ikasimamishwa. Profesa naye akamtupa. Aliwaambia wenzake kwamba binti huyo hana adabu, na kazi yake ya kumaliza masomo ikafutwa yote. Mwaka mzima wa masomo ukaenda na maji. Rafiki zake walimkumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Christa akawajibu kwamba ameubusu miaka minne na midomo imechoka.

Miezi miwili baadaye, Christa akiwa kilimani, Mama Emérita, mwalimu mmoja wa jopo, alimpigia. Hakumpa pole.

"Tablo yako njo kazi yenyewe," alisema. "Anzia pale. Utafute tyubu ambayo inaachilia vitamini C. Mimi nitakusimamia."

Christa akaanza upya. Safari hii aliondoa atomi chache za kaboni kwenye mrija, akaweka za boroni mahali pake, akaiacha kompyuta ihesabu. Matokeo ya kwanza hayakusaidia. Akahamisha atomi moja, akaanza tena.

Ladislas aliingia akamkuta amekodolea kioo cha kompyuta macho, sahani ya viazi imepoa pembeni.

"Bado uko na kasirani?"

"Ndiyo, Papa."

"Ni sawa. Lakini kula kwanza."