Fizi za Dalali wa Mnada

Mtaa mzima uliujua mdomo wa yule dalali wa mnada. Akilisifu kabati bovu, watu waligombania. Akikudharau wewe, ulitamani ardhi ikumeze. Aliyedharauliwa kuliko wote ni shemeji yake, fundi rangi, eti anapiga mswaki kama anabembeleza mtoto. Dalali mwenyewe alisugua meno kama sufuria iliyoungua. Fizi za juu zikachoka, zikapanda, mizizi ikabaki uchi. Akinywa maji baridi, anaruka.

Shemeji ndiye aliyemburuta kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole.

"Naweza kukata nyama kidogo kwenye kaakaa lako nikaishonea hapa," daktari alisema. "Hiyo hushika vizuri, ila utauguza vidonda viwili. Au nitumie ngozi ya mtu aliyefariki, iliyosafishwa kitaalamu. Kidonda kimoja tu, ingawa huenda isidumu kama yako. Kuvuta fizi iliyopo siwezi, ni nyembamba mno."

"Chukua ya marehemu, shem," fundi rangi alishauri. "Wewe na maumivu hampatani."

Dalali alimtazama kama takataka. "Ninadi vitu na nyama ya maiti mdomoni? Kata kaakaa, daktari. Mimi si mwoga kama huyu."

Ganzi ilipoisha, kaakaa liliwaka kana kwamba amelamba pasi ya moto. Alilia mpaka mkewe akafunga madirisha, kwa aibu. Alikatazwa kupaza sauti mpaka kidonda kifunge. Lakini kusikia kuwa dalali mwingine, aliyezoea kumwita "kile kibubu," ameshika nafasi yake kulimshinda. Akaenda mnadani, akanyakua kipaza sauti, akaanza kunadi mashuka meupe. Katikati ya bei nyuzi zikakatika, damu ikachuruzika juu ya mashuka. Wateja wakatawanyika wakiziba midomo.

Daktari hakumgombeza. Nyama ilikuwa imeng'oka, na kaakaa halikufaa kukatwa tena karibuni. Ilibaki ile ya marehemu.

Dalali akanong'ona, "Huyo marehemu, alikuwa mtu wa maana?"

"Hatuambiwi, baba. Ila kwa sasa amekuzidi utulivu."

Safari hii alikaa kimya, fizi zikashika, ingawa jino moja bado lilichungulia kidogo. Mtaani alitangaza kwamba daktari yule ni hovyo, amefanya kazi moja mara mbili. Fundi rangi alisikia yote, akaendelea kupaka ukuta wake.