Salamu za Mama Zilizopita Nyota

Wenzangu mliokulia Mweiga, mnakumbuka tulivyoanika betri za redio juani? Zikipata joto, redio iliongea siku mbili zaidi kabla ya kuanza kukoroma. Asubuhi tulienda shule miguu mitupu kwenye umande baridi kama barafu, viazi vya kuchemsha mfukoni, vipashe mikono joto kwanza, viliwe baadaye. Jioni ni kuruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka mama zetu waite kwa hasira. Watoto wa leo ukiwatajia huo mchezo wanauliza kama uko kwenye simu.

Siku moja ya soko, watu wa redio walikuja Mweiga na gari lao, wakasema tusalimie watu na itasikika papo hapo, Kenya nzima. Mama alijifunga kitambaa upya, akaingia kwenye foleni. Mimi kitinda mimba wake nilisimama kando yake nikimshikia kiondo cha kabeji. Zamu yake ilipofika aliongea kwa ile sauti aliyowekea kanisa.

"Mimi ni Mama Wachira. Nasalimia kijana yangu Wachira huko Nanyuki, na Gathoni ako shule ya bweni, na mzee yangu ako kazi ya msitu, na yule daktari wa ng'ombe, Mungu ambariki."

Akarudisha kipaza sauti. Nilibaki nimetoa macho nikingoja jina langu, na mama alikuwa ashaanza kuuliza bei ya vitunguu.

Kesho yake shuleni nilikoma. "Wangechi, hata daktari wa ng'ombe? Basi wewe uliokotwa." Nililia nyuma ya zizi mpaka ng'ombe akachoka kuniangalia. Sikumwuliza mama, kwa kuwa niliogopa atakubali. Nilijifariji kwamba maneno ya redio yakishasemwa yameisha, na nikakua nikiamini hivyo.

Sasa juzi, nikichambua maharagwe hapa kwangu Sagana, binti yangu Wairimu akaniambia, "Mum, unajua vipindi vyenu vya zamani bado viko njiani? Mawimbi ya redio hayasimami. Mengine yalirudi chini, lakini yaliyopenya yameshapita nyota kibao."

"Ati nini?"

"Kama kuna viumbe huko wanaweza kuyapata. Lakini wawe na antena kubwa ajabu, maana yamefifia sana."

Ungo uliniponyoka, maharagwe yakatawanyika sakafuni. Nilishtuka jamani, si mchezo. Aibu niliyodhani ilizikwa Mweiga, kumbe inatembea mbinguni! Kuna mahali huko juu kiumbe ametega sikio, anahesabu watoto wa Mama Wachira, na mimi simo. Daktari wa ng'ombe yumo. Wairimu alicheka mpaka akakohoa. Mimi usiku huo sikulala vizuri, na Jumapili nikaenda Mweiga kumwuliza mama nilichoshindwa kumwuliza nikiwa mtoto.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Mikono inatetemeka siku hizi, lakini kisu hampi mtu. Nikamwaga yote: soko, redio, zizi, nyota. Alisikiliza hadi mwisho, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto wa nasari.

"Wangechi, salamu hupewa mtu ako mbali. Wewe ulikuwa umeshika kiondo yangu. Ningekusalimia vipi na uko hapa?"

Miaka hiyo yote! Nikachukua kisu cha pili tukamenya pamoja, naye akanisimulia habari za kuku wake.

Enzi zetu ndivyo ilivyokuwa: aliye mbali alitumiwa salamu, na aliye karibu alipewa kiazi cha kumenya. Siku hizi Wairimu yuko chumbani, mimi niko jikoni, na ananiandikia kwenye simu kuuliza kama chakula kimeiva. Wachira alimnunulia mama simu, naye amejifunza kurekodi sauti. Kila asubuhi kabla sijawasha jiko naisikia ile sauti ya kanisa: "Nasalimia Wangechi, huko Sagana." Jina nililolililia nyuma ya zizi nalipata kila siku, na kila nikilisikia moyo unaniuma, kwa kuwa mama akinisalimia ni kwamba siko kando yake tena.