Nafunza watu kugeuza na kubeba wagonjwa, na mimi mwenyewe siwezi inua hata mtungi wa maji. Yenye ilinipata na mum

Wakuu, niaje.

Nimekaa hapa jukwaani miaka mingi kazi yangu ikiwa kucheka comments za watu. Leo nimeleta yangu. Sijaongeza chumvi. Na kama kuna mtu hapa anaishi Waithaka upande wetu, pengine alisikia ile kelele nitaeleza huko mbele, anaweza kuwa shahidi wangu.

Kwanza mjue mnaongea na nani.

Shule niliachia form two. Mwalimu wa hesabu alilia siku niliondoka, nadhani ilikuwa furaha.

Nikaingia mjengo. Zile gorofa za Upper Hill mnaona ziking'aa, kuna zenye mimi nilifunga scaffolding. Nilifanya hiyo kazi vizuri tu, mpaka siku moja nikashuka bila kutumia ngazi.

Mgongo ikaenda.

Nililala kwa ward muda mrefu sana. Na ukilala kwa ward hivyo unageuka gunia ya viazi, lakini gunia iko na maoni. Kila mtu anakuja kukugeuza. Kuna wa kukuvuta mkono mpaka bega inataka kutoka. Kuna wa kukusukuma kama gari imekwama kwa matope. Kuna binamu yako anakuinua na kucha.

Halafu kulikuwa na physio mmoja, dada mwembamba, ukimuona unafikiria upepo itamchukua. Huyo anakunja goti yako kwanza, anashika bega na nyonga, anahesabu moja, mbili, tatu, na unajipata umegeuka kabla ujue umeguswa.

Nikaanza kumuuliza maswali. Sikuwa na kazi ingine. Nilitoka hapo na fimbo ya kutembelea, onyo ya daktari ati nisiinue kitu inashinda sufuria ya chai, na kichwa imejaa maarifa ya kubeba watu.

Sasa kazi ilinipata hivi.

Niko kwa foleni ya kliniki, naona mama mmoja wa kisasa na mzee wake amepooza upande. Mtu wao wa shamba, jamaa mkubwa anaitwa Wekesa, anamtoa mzee kwa wheelchair kwa kumvuta makwapa. Nikapiga kelele, "Wee! Utamng'oa bega!"

Yule madam akageuka. "Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana madam. Mimi ni mzigo mwenye uzoefu."

Akacheka, akachukua namba. Wiki hiyo hiyo niko Lavington kwa gate yake, askari ananiangalia kutoka viatu mpaka fimbo.

"Wewe ndio umeitwa kubeba mzee?"

"Ndio."

"Na wewe utabebwa na nani?"

Hiyo swali, wakuu, askari alikuwa anafanya mzaha. Lakini ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kwa sababu kitu ya kwanza mimi hufanya ni kulala chini kwa carpet ya wenyewe na kusema, nibebe mimi. Wekesa alinibeba mpaka jasho ikamtoka. Akinishika vibaya napiga nduru, akinishika vizuri nanyamaza. Nduru yangu ndiyo ilikuwa certificate yangu.

Wekesa akashika mafunzo. Madam akaambia jirani, jirani akaambia kanisa yao. Nikawa coach. Mchezaji hajawahi kugusa mpira.

Sasa tufike kwa mum.

Mum alipata stroke akiwa jikoni. Upande wa kushoto yote ikalala. Walikaa naye hospitali, halafu wakatuambia kazi yenye imebaki ni ya nyumbani. Daktari mmoja akatuvuta kando, mimi na sister yangu Njoki, akatuambia, "Sikilizeni. Stroke haitammaliza sasa hivi. Kitu itammaliza ni ngozi. Akilala upande mmoja, nyama inaoza. Mgeuzeni mchana na usiku."

Nikamwambia, daktari, hapo umefika kwa fundi.

Nilikuwa najiamini mpaka nikacheka.

Lakini kuna kitu inafaa niwaeleze, wenye hamtoki kwetu. Sisi Wakikuyu, kijana wa kwanza anaitwa jina ya babake baba, wa pili anaitwa jina ya babake mama. Brother yangu mkubwa ndio wa kwanza, alioa Nakuru, huwa anatuma salamu. Mimi ni wa pili. Kwa hivyo mimi ni baba ya mum. Na si jina tu. Tangu nikiwa mtoto wa kutoka kamasi mum hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita baba. "Baba, kunywa uji." "Baba, nani amekupiga?" Nikichelewa kurudi ananiambia, "Baba, umenitia wasiwasi."

Sasa fikiria huyo mama amelala, anafaa kuvuliwa, kuoshwa, kugeuzwa.

Siku ya kwanza tu nikiingia na fimbo yangu akanyoosha mkono ile nzima.

"Baba, toka."

"Mum, hii ndiyo kazi yangu."

"Najua. Baba hawezi niona hivi. Toka."

Kijana kuona uchi wa mamake kwetu ni kitu haisemwi hata kwa mzaha. Na mimi nilikuwa kijana wake na tena babake, aibu mara mbili. Nikatoka.

Njoki akafunga kamba kutoka msumari mpaka msumari, akaning'iniza shuka ya maua. Hiyo ikawa pazia. Mum na Njoki ndani, coach nje kwa stuli.

Mnauliza mbona sikulala chini Njoki anibebe kwanza, vile nilifanya na Wekesa? Nilimwambia. Alikataa katakata. Siku wauguzi waliniinua kwa ward mara ya kwanza Njoki alikuwa amekuja na chai, akaona, akazirai, ikabidi wabebe watu wawili. "Wewe sikugusi," akaniambia. "Niambie tu na mdomo."

Na mdomo ninayo, wakuu. Mungu alichukua mgongo akaacha mdomo.

Nikawa kama mtangazaji wa mpira. "Njoki anakaribia kitanda upande wa kulia! Anakunja goti! Goti imekunjwa?"

"Imekunjwa."

"Bega na nyonga! Haya tuhesabu!"

Wanahesabu wote wawili, moja, mbili, tatu, halafu Njoki anasema, "Tayari, coach." Mimi nashangilia. Nasikia mum akicheka na ile nusu ya mdomo imebaki. Nikasema kumbe hii kazi ni rahisi hivi. Nikaenda Lavington nikajigamba kwa Wekesa ati sister yangu amekushinda.

Ilienda hivyo.

Halafu nikashikwa na homa, sauti ikapotea kabisa. Siku hiyo nikakaa kwa stuli yangu kama nimenyimwa chakula, siwezi tangaza chochote. Nikagonga fimbo kwa sakafu, ndio Njoki ajue saa imefika.

Nikawasikia wakihesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Kitanda ya mum ni ya mbao, ya zamani, kitanda ya kulalamika. Hata paka akiruka juu inalia. Nikangoja ilie.

Haikulia.

Halafu nikasikia mum, kwa sauti ya chini, "Mwambie tayari."

"Tayari, coach," Njoki akasema.

Wakuu, siku hizo zote mdomo yangu ndiyo ilikuwa inapiga kelele, sikuwahi kusikiliza kitanda.

Nilienda nje kwa ua nikamngoja Njoki. Alikuja na beseni ya kumwaga maji, akaniona uso, akajua.

"Tangu lini hamgeuzi?" Nilikuwa nanong'ona, sauti haiko.

Akaweka beseni chini. "Nikimgusa, hata kumwosha tu, anaumia. Wewe hujaona vile anaumia. Anauma leso, anaiuma mpaka inatoboka ndio usisikie."

"Mbona nisisikie?"

"Anasema wewe ulianguka kutoka gorofa hukulia. Kila siku hapa unatuchekesha na hadithi za ward, gunia ya viazi, sijui binamu na kucha. Anasema, mtu alivunjika mgongo akacheka, mimi nitalia aje mbele yake kwa sababu ya kugeuzwa? Akaniambia tuhesabu tu."

Nikamuuliza kama kuna kidonda.

Alikunja kidole na gumba akafanya mduara, kama kifuniko ya soda. Halafu akafungua kidogo, ikawa kubwa kuliko hiyo.

Nilirudi ndani nikasimama kwa pazia. "Mum, naweza ingia?"

"La."

"Sitakuangalia. Nataka wewe ndio uniangalie."

Njoki akamfunika mpaka shingo, akavuta pazia. Mimi nikaweka godoro ndogo hapo chini kando ya kitanda, nikaweka fimbo, nikalala. Kulala tu ilinichukua muda kama ngamia.

"Njoki. Nibebe mimi."

"Nitakuvunja."

"Nilivunjika kitambo. Kuja."

Akapiga magoti. Akasahau kila kitu nilimfunza, akashika mkono wangu, akavuta.

Nikapiga nduru. Si ya mafunzo, wakuu. Ile ya kweli, ya kutoka mahali mgongo ilishonewa. Nikalia machozi mpaka masikio ikajaa.

Mum akanikazia macho. "Baba. Kumbe wewe hulia?"

"Mum, kwa ward nililia mpaka jirani wa kitanda akaomba ahamishwe."

Uso wake ikakunjika ile upande mmoja. Halafu akageukia Njoki, na hiyo sauti ya mama wa kukanya watoto, sijui aliitoa wapi:

"Si hivyo, wewe! Wacha mkono! Goti kwanza, si alikuambia? Kichwa, Njoki. Shika kichwa ya baba."

Njoki akakunja goti. Bega. Nyonga. Mum ndio alihesabu.

Nikageuka kama mlango imetiwa mafuta.

"Haya," mum akasema. "Sasa mimi. Na nitalia."

Nikatoka, pazia ikafungwa. Wakahesabu, na kitanda ikalia, na mum akalia, wakuu, alilia na sauti yote alikuwa ameweka kwa hiyo leso. Na mimi kwa stuli nikamsaidia. Na Njoki. Mama Shiru wa jirani akaja mbio na mikono ya unga akidhani mum ameenda, akakuta watu watatu wanalia na hakuna maiti. Akakaa chini, akalia pia, kisha akauliza kuna nini.

Hiyo ndiyo kelele niliwaambia.

Tangu hapo alikuwa anageuzwa kweli. Njoki akawa mzuri, kumshinda hata Wekesa. Kuna Jumapili kadhaa tulimtoa nje kwa kiti ya plastiki hapo kwa fence, anasalimia watu wakienda kanisa na mkono moja kama gavana.

Ningependa kuwaambia kidonda ilifunga.

Ilikuwa imeingia ndani sana. Muuguzi alikuja, akaosha, akafunga, akatikisa kichwa akidhani hatumuoni. Homa ikaanza. Tukamrudisha hospitali, na huko hakutoka.

Siku ya kumchukua mochari, wanawake waliingia kumvalisha. Mimi nikabaki nje ya mlango, hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikasikia Njoki ndani akiwaambia wengine wangoje. Halafu akaniita, kupitia mlango.

"Coach."

"Niko."

"Tuanzie wapi?"

Kila mtu kwa hiyo korido akaniangalia. Mimi mwenye mdomo.

"Kichwa," nikasema. "Shika kichwa yake kwanza."

Nikamsikia akihesabu.

Bado nafanya hiyo kazi. Bado nalala kwa carpet za watu na bado nachekesha, maanake bila hiyo sijui ningekaa aje. Lakini siku hizi kabla tuanze namwambia mgonjwa, wewe lia, usinifichie, mimi mwenyewe nililia. Halafu wakihesabu, nafunga mdomo.

Somo yangu ndiyo hiyo. Unaweza funza mtu kitu hujui kufanya, hakuna shida. Shida ni kufunza na hausikilizi.

Pazia bado iko kwa msumari. Njoki husema tuitoe, mimi husema kesho.

Kama uko na mtu amelala kwenu, au ulikuwa naye, andika hapo chini mnamgeuza aje na nani ndio humgeuza. Na wa kunicheka pia mkuje, nimezoea. Lakini kwanza enda usikilize kitanda.