Nilimwambia Mume Wangu Makaa Nimeyazima

Ujumbe huu umetufikia kutoka Butembo. Majina tumeyabadilisha. Mwenye kisa anasoma komenti zenu zote, kwa hiyo mwandikieni kama mnavyomwandikia dada yenu.

Admin, nifiche kabisa, maana mashemeji zangu wote wako kwenye ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto watatu. Mama mkwe anaishi nasi. Najua wengi humu mnalia na mama wakwe zenu, lakini mimi sina la kulalamika. Yule mama amenipenda tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo linalonimaliza.

Majuzi tulialikwa Beni, kule Mulekera, kwa mdogo wa mume wangu. Mtoto wake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Mimi nilipewa kazi ya maharage. Kwetu mke akipewa chungu cha sherehe halafu akafika nacho hakijaiva, atasemwa mpaka achoke. Sasa asubuhi ile makaa yalikuwa na unyevu, maharage yakagoma, na mume wangu yuko nje anapiga honi. Ndipo nikajifanya mjanja. Niliweka mbabula yangu, lile jiko la makaa, ndani ya beseni la chuma nyuma ya gari. Nikafunika makaa kwa majivu, nikabandika sufuria juu, nikazungushia magunia yaliyolowa maji. Gari letu nyuma hakuna kizuizi, mizigo na kiti cha abiria viko chumba kimoja. Nikasema moyoni, yataiva njiani.

Mume wangu aliniuliza habari ya makaa, jamani. Aliniuliza vizuri kabisa.

"Mama Merveille, makala ulishazimisha?"

"Nilishazimisha zamani," nikamjibu, huku napanda.

Kabla hatujaondoka, jirani yetu Mama Masika alikuja mbio na kikombe. Ni mjane, anaishi kwa kuuza juisi ya ndizi pale njia panda. Akamwambia mama mkwe, "Kunywa kidogo, mama, njia iko mulefu." Mama mkwe akanywa, akanipa iliyobaki, nikamaliza. Hakuna mwingine aliyeniona nikinywa.

Barabara ilikuwa vumbi tupu, tukafunga vioo. Cha upande wa mume wangu kimeharibika, hakipandi hadi juu, kwa hiyo sisi wa mbele tulipata hewa. Mama mkwe alikuwa nyuma peke yake, maana watoto walikuwa wametangulia Beni. Alisema kichwa kinamuuma, kisha akalala. Mimi pia kichwa kiliniuma, nikasingizia mashimo ya njia.

Tulipofika Mulekera hakuamka. Alikuwa amelegea, ametapika kwenye kitenge chake. Watu wakapiga kelele, wakamtoa nje. Na mimi, Mungu anisamehe, mikono yangu haikwenda kwake kwanza. Ilikwenda kwenye mbabula. Chini ya majivu makaa bado yalikuwa mekundu. Niliyapeleka nyuma ya jikoni nikayamwagia maji, ndipo nikarudi nikilia pamoja na wengine.

Kituo cha afya walimwekea oksijeni. Muuguzi akauliza, "Mu gari mulikuwa moto? Makala ao moshi? Makala inatoshaka hewa ya mubaya, haina harufu. Mutu analala, haamuke tena."

"Hapana," mume wangu akajibu. "Bibi yangu alizimisha yote mbele tutoke."

Akanigeukia nithibitishe. Nikatikisa kichwa kukubali. Kule kwenye sherehe wageni walikula maharage, wakaniletea sifa mpaka kwenye benchi la kituo: yameiva vizuri ajabu.

Mama mkwe alipona, lakini miguu haina nguvu na husahau mambo. Ubaya ni kwamba shemeji yangu, yule mwenye sherehe, alipopata habari ya kikombe alitoa hukumu papo hapo: "Balimupatia sumu. Ni ile juisi ya Masika." Habari ilifika Butembo kabla yetu. Sasa hakuna anayenunua juisi yake. Vijana wa avenue yetu wamerusha mawe juu ya bati lake, wanasema ahame, la sivyo watamtoa wao. Nyie mnajua mtu akiitwa mchawi wa sumu huku kwetu mambo huishia wapi.

Jana Mama Masika alikuja mlangoni. Hakugombana. Alisema tu, "Weye ulikunywa mu kikombe ile ile. Njo mushahidi yangu moja tu. Semea watu." Nilimwambia ninaumwa, nikafunga mlango. Nikisema nilikunywa, wataniuliza basi mama aliugua nini. Nikijibu hilo, mume wangu atajua kwamba nilimdanganya yeye, nikamfanya naye amdanganye muuguzi huku mama yake anakata roho.

Nilipogeuka nikamkuta mama mkwe kwenye kiti chake. Mwanzoni alikuwa akimtetea Mama Masika, sasa naye ameanza kuamini. Akanishika mkono akasema, "Mwana yangu, tangu leo nitakulaka chakula yako tu. Weye peke yako njo najua hauwezi kuniua."

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini pia. Nianzie kwa nani, na nianze na neno gani, kabla mama mkwe hajaniita tena nimletee sahani yake?