Fundi wa Redio ya Chuo

Fundi mitambo wa redio ya chuo chetu hufuta kipaza sauti kwa leso kabla ya kila mwanafunzi kuketi. Akiona unakimbiza maneno, hushusha kiganja taratibu, kama anayemlaza mtoto. Leo mwanafunzi mwenzetu Araba, akiwa kwenye mtihani wa kusoma hewani, alisoma tangazo la msiba akaruka jina la mkuu wa ukoo, ambalo hutangulia orodha ya wafiwa. Fundi akaweka muziki.

“Wee Araba, na mkuu wa ukoo naye umemzika? Rudia.”

“Na alama zangu, fundi?”

“Zitasubiri. Watu wana msiba.”

Araba akaomba radhi hewani, akasoma upya, jina la mzee likitangulia. Mhadhiri aliyekuwa akisimamia mtihani alifuta alama aliyokuwa ameandika, akaandika nyingine kubwa zaidi. Fundi hakuiangalia, alikuwa amefumba macho, akisikiliza majina.